Tulimficha Straika, Nikaficha na Barua Yake

Mliokosa gazeti la wiki jana hamkukosa jambo lolote la kunisifu. Nitawapitisha haraka, kwa sababu leo nina kubwa zaidi la kukiri, na sitaki kufika hapo nikiwa nimechoka.

Mimi ni Protas, katibu wa usajili wa Mzizima Rangers, timu ya Watanzania wa Thornton Heath, kusini mwa London. Msimu ulioisha 2003 tulishika mkia. Mechi ya mwisho Wakongo wa Kivu Stars walitufunga kumi na moja bila, na bao la tisa nililishangilia mwenyewe kwa kuchanganyikiwa.

Wanachama wakaitisha mkutano wa dharura. Wakafukuza uongozi wote. Kisha wakauchagua uongozi uleule, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka kazi. Tukapewa mchango na amri moja: ijengeni timu upya.

Tukaanza na Serge. Alikuwa na mguu wa kushoto ambao kipa akiuona anaanza kutubu. Kivu Stars walishamhesabu ni wao, maana alikuwa akilala kwenye nyumba ya kocha wao, Alexis. Nikamnasa kwa njumu mpya, koti la baridi na maneno mengi. Mengi ya hayo maneno yalikuwa yangu, na machache tu ndiyo yalikuwa kweli.

Serge alikuwa amekimbia vita Bukavu. Alikuwa ameomba hifadhi, na kwa mwaka mmoja na miezi minne alisubiri ofisi ya uhamiaji ya Croydon imwite akahojiwe. Kazi haruhusiwi. Wakili wake alishafunga ofisi na simu haipokelewi. Duniani alibakiwa na mambo mawili: kungoja barua na kucheza mpira.

Wiki jana nilisimulia tulivyompokea. Kwetu straika haingii klabuni kimyakimya, hupokelewa uwanja wa ndege. Sasa Serge alikuwa akikaa mitaa minne tu kutoka kwenye saluni ya mwenyekiti wetu. Kamati ikakaa, ikajadili, ikaamua: apelekwe kwanza Gatwick, ili akapokelewe. Theluthi ya mchango wa kuijenga timu ikaishia kwenye nauli za treni na mataji ya maua ya plastiki.

Hatukumwambia tunakwenda wapi. Alipoona kibao cha Gatwick, alikumbatia nguzo ya treni kwa mikono miwili.

"Yaya, musinirudishe," aliniambia. "Miye niko najua kazi. Nitafagia. Musinirudishe kule."

Yaya, kwa Wakongo wa upande wake, ni kaka mkubwa. Tulimbandua kwenye nguzo, tukamvisha maua, tukambeba mabegani huku tunaimba, naye akalia machozi. Wenzangu wakasema, mnaona alivyoguswa.

Hapo ndipo tulipoishia. Sasa sikilizeni yaliyofuata.

Mchezaji akisajiliwa, anafichwa. Kila aliyekulia Dar anajua. Unamchukua, unamtia kwenye nyumba isiyojulikana, unamnyang'anya simu, unamlisha vizuri, na hakuna anayemwona hadi dirisha la usajili lifungwe, la sivyo wapinzani watamrudisha kwa ahadi nono zaidi. Kwamba ligi yetu ilikuwa ya Jumapili, viwanjani mwa bustani ambako mbwa hupita katikati ya mechi, halikutupunguzia ukali hata kidogo.

Nikamficha kwa dada yangu.

Dada Eufrasia ni nesi. Ana karatasi zake zote, ana nyumba kwa jina lake, na ndiye aliyenihifadhi tangu visa yangu ya mwanafunzi ilipoisha mwaka 1999. Nilikuwa nasafisha maofisi ya Croydon alfajiri, kwa jina la mtu aliyesharudi Mwanza. Katika London nzima hapakuwa na karatasi hata moja yenye jina langu kamili, nami nilipenda iwe hivyo.

"Protas," alisema dada, akimtazama Serge anavyopandisha godoro kwenye chumba kidogo cha juu. "Wewe mwenyewe umefichwa humu. Unamficha mwenzio tena?"

"Ni wiki mbili tu, da Eufrasia. Daftari la ligi linafungwa Ijumaa tarehe kumi na saba."

"Na huyu anajua ni wiki mbili?"

"Anajua ni usajili."

"Nimekuuliza kitu kingine."

Nilikuwa natoa laini kwenye simu ya Serge.

Siku tatu za kwanza alikula na kulala kama mtu aliyelipiwa hoteli. Siku ya nne akaanza kuuliza.

"Yaya, barua yangu haiyafika?"

"Barua gani tena, Serge?"

"Ya Croydon. Inafika kwa Alexis, ku ile adresi. Nikienda miye mwenyewe dakika mbili tu?"

"Ukienda hurudi. Watakufungia huko."

"Alexis? Alexis hawezi."

"Serge, juzi si walituma mtu kuja kusema binamu yako Miradie yuko mahututi hospitali? Ukataka kutoka mbio? Na Miradie alikuwa wapi?"

Akainamisha kichwa. "Alikuwa kazini."

"Basi. Barua ikija, mimi nitajua."

Na nilijua, kweli.

Alhamisi tarehe tisa, jioni, mlango uligongwa. Alikuwa Alexis, amevaa sare yake ya ulinzi, yuko njiani kwenda kazini. Mkononi ana bahasha ya kahawia, ile yenye kidirisha cha plastiki.

"Protas, miye najua Serge iko hapa."

"Hayupo."

"Sawa, hayuko. Sitafuti mutu. Mpe barua yake."

"Barua ya nani?"

"Iko na jina yake juu. Ni ya Croydon hii. Weye mwenyewe unajua hizi bahasha."

Nilizijua. Sote London tulizijua, na tulizipokea kwa vidole viwili. Lakini nilimtazama Alexis nikaona kumi na moja bila. Nikaona Miradie wa uongo. Nikajiambia: hii ndiyo mbinu yao ya pili, ndani kuna barua ya kumtongoza.

"Haya, lete," nikasema. "Nikimwona, nitampa."

"Utampa?"

"Alexis, mimi ni mtu mzima."

Akanikabidhi kwa mikono miwili, akaenda zake. Nami nikaiweka kwenye mfuko wa nyuma wa faili la usajili, penye fomu na kadi za wachezaji, bila kuifungua.

Sasa nikiri. Ningeweza kuwaambia kuwa niliamini hadi mwisho kwamba ni mbinu, na mngenisamehe kidogo. Lakini Jumatatu usiku niliitoa, nikaishika kwenye mwanga wa jikoni, nikaona nembo ya serikali imepigwa juu. Nilijua. Nikaanza kuwaza: akiisoma atataka kutoka, akitoka Alexis atamwona, Alexis akimwona daftari halijafungwa. Jumapili tulikuwa tunafungua msimu na Kivu Stars haohao. Nikasema, nitaifungua Jumapili baada ya mechi. Siku sita haziwezi kumuua mtu.

Nikairudisha kwenye faili.

Siku mbili baadaye, Jumatano asubuhi, Serge alishuka ngazi akanikuta navaa viatu.

"Yaya, barua?"

"Bado."

Aliniamini, akarudi juu kupiga danadana na soksi zilizokunjwa. Namchukia mtu yule aliyekuwa anafunga kamba za viatu.

Jioni ya Alhamisi wanachama walikutana kwa Godbless, mwenyekiti wetu. Godbless ni kinyozi, na uenyekiti aliupata kwa sababu mteja mwenye wembe shingoni habishani. Ajenda ilikuwa moja: mchango uliobaki utumike vipi.

Ndugu zangu, hakuna binadamu mwenye hekima ya bure kama shabiki ambaye timu yake inajengwa upya.

Mmoja alitaka kocha aletwe kutoka Morogoro. Mwingine alitaka basi lenye picha zetu ubavuni. Wa tatu, ambaye mchango wake ulikuwa ahadi tangu Machi, alisema tunatumia vibaya pesa za wanachama. Kila mmoja alikuwa na kikosi chake kichwani, na kila kikosi kilikuwa na mpwa wake ndani.

Aliyesema neno la maana ni Hemant, naye ndiye waliyemcheka. Hemant amezaliwa Moshi na ana duka Queensbury, kaskazini kabisa. Kila wiki huvuka London nzima kuja kutukanwa na timu anayoinunulia jezi.

"Nauliza," alisema Hemant. "Msimu uliopita tulifungwa mabao mangapi?"

"Hayo yamepita!" wakapiga kelele.

"Sabini na nne. Kipa wetu Vuai ana miaka arobaini na nne na goti moja. Anadaka kwa dua. Na nyie mmenunua straika. Nyumba haina mlango, mnaweka pazia la dhahabu dirishani?"

"Hemant kaka yangu," Godbless akasema kwa upole wa kinyozi, "uliona lini kipa akibebwa mabegani uwanja wa ndege?"

Watu wakacheka mpaka kiti kimoja kikavunjika. Nami nikasimama, nikaweka mkono kwenye faili.

"Huyu Serge," nikasema, "atafunga mengi peke yake kuliko atakayofungwa Vuai. Mimi Protas naweka jina langu."

Wakanipigia makofi. Hemant akatikisa kichwa, akasema, "Utaliweka, ngoja tu."

Kesho yake fomu ikapelekwa, daftari likafungwa, na Serge akawa mali yetu halali.

Jumapili ya tarehe kumi na tisa ilikuwa na mvua nyembamba ya London, ile isiyonyesha wala kuacha. Dada Eufrasia alikuja na chupa mbili za chai na maandazi. Faili nilimpa Hemant aende akaonyeshe kadi za wachezaji kwa refa. Bahasha ilikuwa bado kwenye mfuko wa nyuma wa faili. Niliikumbuka, nikasema dakika tisini tu.

Dakika ya tano Serge akafunga. Dakika ya kumi na mbili akafunga tena. Godbless alinikumbatia mpaka tukaanguka kwenye tope.

"Usajili!" alipiga kelele. "Usajili huo, Protas!"

Kisha Kivu Stars wakapata kona. Vuai akaruka. Alipotua, mpira ulishakuwa wavuni na bado anautafuta juu. Wakapata nyingine. Vuai hakuruka safari hii, goti lilikataa. Mbili mbili.

Serge akafunga la tatu. Wakarudisha. Akafunga la nne kwa mkwaju uliomfanya Hemant mwenyewe avue kofia. Wakarudisha. Dakika ya mwisho shuti dhaifu kabisa, la kumpasia mtoto, likapita katikati ya miguu ya Vuai taratibu, tena kwa adabu.

Tano nne. Straika wetu kafunga manne, na tumelala.

"Nilisema kipa tangu Julai!" alipiga kelele yule aliyetaka basi.

"Hata mimi! Uongozi haukunisikiliza!"

"Katibu ajiuzulu! Pesa zote mbele, nyuma uwazi!"

Hemant alijimiminia chai.

Ndipo Alexis akaja kutoka upande wao, anacheka, akampa Serge mkono.

"Ndugu, umetutesa leo. Manne! Sasa ile barua ya Croydon, ilisema nini?"

Serge akafuta uso kwa jezi. "Barua gani?"

"Ile nilimpa Protas. Alhamisi ingine ile, tarehe tisa."

Serge akanigeukia. Hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa na tabasamu, kama mtu anayengoja kuambiwa kwamba ni mchezo.

"Yaya? Barua ilifika?"

Wanachama wote walikuwa wananitazama. Dada alikuwa ameshika kifuniko cha chupa. Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli. Nafasi hiyo ilikuwa kubwa kama goli la Vuai.

"Sijapokea barua yoyote," nikasema. "Hawa wameshinda na bado wanataka kutuvuruga."

"Protas," alisema Alexis polepole. "Nilikupa ku mkono. Ku mlango ya dada yako."

"Muongo."

Mwenyekiti wangu, Mungu ambariki, akaingilia kunitetea. Kama angekaa kimya siku hiyo moja maishani mwake! Lakini Godbless alipanua kifua.

"Katibu wetu hadanganyi!" akasema. "Kila karatasi ya mchezaji huyu iko kwenye faili, na faili liko hapa. Hatuna cha kuficha. Hemant! Fungua, waone wote!"

"Sio lazima," nikasema.

"Lazima! Tumechoka kuonewa!"

Hemant akafungua. Akatoa fomu, akatoa kadi, akaingiza mkono mfuko wa nyuma. Bahasha ya kahawia ikatoka, imekunjika pembe, haijachanwa. Akalisoma jina kupitia kidirisha. Kisha akanitazama, na nilitamani angenicheka.

"Ni yako," akamwambia Serge.

"Nisomee," Serge akasema. "Mikono iko tope."

Hemant akaichana. Alisoma Kiingereza kimoyomoyo kwanza, midomo ikicheza, kisha akatuambia kwa Kiswahili.

"Wamemwita kuhojiwa. Croydon. Jumatano tarehe kumi na tano Oktoba, saa tatu asubuhi."

"Leo tarehe ngapi?" mtu akauliza.

Sote tulijua. Jumatano saa tatu asubuhi Serge alikuwa juu ya sebule ya dada yangu, anapiga danadana na soksi.

"Soma mwisho," alisema dada Eufrasia. Sauti yake ilikuwa ya wodini.

"Asipofika, aeleze sababu kwa maandishi ndani ya siku tano. La sivyo ombi lake litaamuliwa bila yeye."

"Siku tano kutoka Jumatano ni kesho," alisema dada.

"Ni kesho."

Serge alichutama. Mwaka mmoja na miezi minne aliisubiri karatasi ile, na tulilala nayo nyumba moja siku kumi. Nilimsogelea. Akainua kiganja, basi, nikasimama pale nilipo.

Mara Alexis akasema, "Ngojeni. Kuna njia."

Tukamgeukia.

"Barua ilifika kwangu. Miye niko na karatasi, niko na kazi. Naandika leo: ni miye nilichelewa kumpa, nilisahau. Kesho asubuhi tunapeleka. Hakuna mutu anataja Protas, hakuna mutu anauliza mambo ya nyumba ya dada."

Niliona jua, nawaambieni, katika mvua ile.

"Asante, Alexis. Ndugu yangu, Mungu..."

"Lakini Serge anarudi Kivu Stars. Munamuandikia release, karatasi ya kumuachia, leo, hapa, na katibu anasaini."

Nikawageukia wanachama.

Nilitarajia nini? Nilitarajia watu kumi wazima waliokuwa wamemwona mtu akichutama topeni waseme kwa sauti moja: saini, Protas. Nilisahau kwamba hawa ni wanachama.

"Ngoja kwanza," alisema yule wa ahadi ya Machi. "Straika wa mabao manne anatolewa bure?"

"Watupe kipa wao!" alisema yule wa basi. "Tubadilishane. Kipa na straika. Ndiyo kujenga timu huko!"

"Kipa wetu? Apana," Alexis akakataa.

"Basi hata beki!"

"Na njumu je? Njumu ni mali ya klabu."

"Na koti!"

"Jamani," alisema Hemant. "Jamani, mtu huyu anarudishwa vitani."

"Hemant, wewe ulimpinga huyu mchezaji tangu mwanzo, huna sauti."

Godbless akanyoosha mikono yote miwili. "Utaratibu! Hii ni klabu ya wanachama. Hakuna mchezaji anayeingia wala kutoka bila kura. Wanaotaka Serge aachiwe, mikono juu."

Ikapanda mitano. Wa Hemant ulikuwa wa kwanza. Wa Vuai ulifuata, na ndio mpira pekee aliouwahi siku nzima.

"Wanaotaka abaki, na barua tutafute ujanja mwingine?"

Ikapanda mitano. Wa mwenyekiti ukiwemo.

"Tano kwa tano," Godbless akasema. "Katibu hujanyoosha."

Nilikuwa na kura ambayo ingeniokoa mimi, ingemwokoa dada, na huenda ingemwokoa Serge pia. Kuinua mkono tu. Lakini mkono ulikuwa mzito, na niwaambieni kwa nini, nicheke nilie: kwa nusu dakika nilikuwa nawaza msimu wetu bila yeye.

"Protas!" dada akafoka. "Inua mkono, mbwa wewe!"

Nikaanza kuinua.

"Hakuna mutu ameniuliza miye," Serge akasema.

Alikuwa ameshasimama. Alikuwa amevua njumu, amezipanga pamoja mbele yangu vizuri kama mlangoni kwa mtu, na soksi zake zinakunywa tope.

"Munabishana miye ni ya nani," alisema. "Kule Gatwick nilifikiri munanirudisha, munaimba. Sawa. Leo tena munaimba." Akamgeukia Alexis. "Asante, lakini Croydon sitaanza na uongo. Wakikamata uongo moja, na ile habari ya ukweli wataitupa. Mama yangu iko ndani ya ile ya ukweli."

Alexis akarudi nyuma hatua moja.

Serge akamwomba Hemant kalamu, ileile aliyosainia fomu yetu ya usajili. Akageuza bahasha ya kahawia upande usio na maandishi, akaibana juu ya faili, kifuani, mvua isiifikie. Akaanza kuwaandikia Croydon sababu yake, mstari mmoja, polepole. Akaandika wa pili. Kisha akainua macho, na alinitazama bila chuki, na alivyosema aliniita vilevile alivyoniita siku zote.

"Yaya, jina yako yote. Ile ya kweli. Na namba ya nyumba."

Nyuma yangu nilisikia kifuniko cha chupa ya chai kinaanguka, na dada yangu Eufrasia akataja namba ya nyumba yake mwenyewe, kwa sauti ya kusikika. Kisha akaniachia mimi jina.